Mtu wa Kunichotea Maji

Watu wakisikia kwamba nilisoma nikiwa na magongo mawili na chuma mguuni, huniuliza nilikuwa nafikaje darasani. Hawaulizi la maana. Darasani nilifika kama wengine, nilichelewa kama wengine na nilichapwa kama wengine. Kilichonitesa miaka yote ya shule ni maji. Magongo yanataka mikono miwili, na ndoo inataka kichwa kisichoyumba, na mimi nikitembea nayumba mpaka leo.

Tuliishi kwenye bweni la watoto walemavu, ubavuni mwa shule moja ya msingi pale Bunda, upande wa Nyasura. Walemavu ndilo neno la heshima la wakati ule. La mtaani silitaji. Tulikuwemo Wakurya, Wajita, Wakwaya kama mimi, Wazanaki, Waikizu, Wasukuma na Mjaluo mmoja aliyetuzidi wote kwa hesabu. Kila mtu alikuja na maelezo ya kwao kuhusu kwa nini yuko alivyo. Kwa wengine ni mzimu uliosahauliwa, kwa wengine jirani mwenye husuda, kwa wengine ni mtihani wa Mungu. Jioni tukisubiri ugali tulilinganisha maelezo hayo na kucheka. Daktari alikuwa ameshasema kwamba mguu wangu ni polio, lakini polio haikuwa na hadithi nzuri, kwa hiyo hatukuijali sana.

Mlezi wetu alikuwa mama wa Kizanaki kutoka Butiama, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Sheria yake ilikuwa moja. Siku niliyofika aliniangalia kuanzia magongo mpaka kichwani, akasema, "Hapa kazi hasamehewi mtu. Kama huiwezi, tafuta wa kubadilishana naye. Ukimkosa, utakaa na kiu."

Nilimchukia wiki nzima. Nyumbani nilikuwa nimezoea kuletewa kila kitu nilipokaa, maji, chakula, hata khanga ya kujifunika. Kwa upande mwingine, nyumbani nilikunywa maji wakati mwenye kuyaleta alipokumbuka.

Nikampata wa kubadilishana naye. Alikuwa msichana wa Kiislamu wa Musoma mjini, baba yake fundi cherehani, bibi yake Mmanyema, na babu yake Mwarabu au Mnyamwezi, ilitegemea siku hiyo anajisikia vipi. Macho yake yaliona mwanga na vivuli tu, lakini njia ya bombani aliijua kwa nyayo, na ndoo kichwani mwake ilitulia tuli. Kasoro yake ilikuwa kufua. Madoa hakuyaona, akawa anavaa sare yenye mchuzi wa juzi. Mimi kufua nilikuweza. Nilikaa juu ya jiwe, mguu mbovu nimeunyoosha mbele, na mikono yangu iliyokomazwa na magongo ilikamua blanketi mpaka likabaki karibu kavu. Akachota, nikafua. Tukanuniana kila wiki. Aliponiletea maji yenye majani nilimfokea, nilipomrudishia kola chafu alinifokea. Hapo ndipo nilipojua raha ambayo sikuwahi kuijua nyumbani: anayekusaidia kwa huruma huwezi kumfokea, unabaki kumshukuru tu hata maji yakiwa na viluwiluwi.

"We mtu wa ziwani," alikuwa akiniambia, maana Kiswahili changu kilimchekesha, "tulikuwaga, tunaendaga, huko kwenu mtu anamaliza lini sentensi?"

Yalipotoka matokeo ya darasa la saba, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni huko Musoma. Mwenzangu hakuchaguliwa, na wengi hawakuchaguliwa, wenye miguu na wasio na miguu. Nafasi zilikuwa chache mno. Mwalimu mkuu alinipa mkono, akanipongeza kwa dhati, halafu akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Alisema amelifikiria sana. Kule hakuna mlezi. Bweni liko mlimani kwenye mawe, bomba liko chini, kila mwanafunzi na ndoo yake. "Atakuchotea nani?" akaniuliza, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. Ameandika barua ya kumwachia mtu mwingine nafasi yangu. Musoma mjini kuna kituo cha kufundisha wasichana walemavu kufuma masweta, watanipokea. Ameshazungumza na baba, na baba amekubali. Ijumaa atakuja kutia sahihi.

Angekuwa mtu mbaya ningejua la kumjibu. Lakini huyu ndiye aliyenitengenezea dawati la kunyooshea mguu, kwa misumari aliyoing'oa kwenye banda lake la kuku, kwa sababu mwaka ule misumari ilikuwa haionekani dukani. Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Nikatoka nje nikiwa na hasira ya kutosha kuvunja gongo.

"Kufuma kwa nini?" mwenzangu alisema nilipomsimulia. "Nyuzi zenyewe zimeonekana lini? Baba anafumua mashati ya zamani apate uzi wa kushonea mapya, halafu wewe unakwenda kufuma sweta. Labda mtafuma upepo."

Nilicheka kidogo. Nilikuwa nimebakiwa na siku tano. Hapo nikafanya kosa ambalo, nadhani, ni mtoto wa Kikwaya tu angelifanya.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba anakulea, anakupenda, anakununulia daftari, lakini likija jambo zito mwenye usemi ni mjomba. Baba yangu ni Mjita, na kwao mambo si hivyo. Tangu nizaliwe yeye na mjomba waliheshimiana kwa mbali. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, mjomba alibaki kwenye rasi yetu na mtumbwi wake, na umbali ule uliwasaidia wote wawili. Mwalimu mkuu, Mkurya wa Tarime, hakulijua hilo hata kidogo. Alipotaka ruhusa alimwita baba, akaona kazi imekwisha.

Nikamwandikia mjomba. Barua niliipeleka kwa mama mmoja aliyeleta dagaa na furu wakavu sokoni kila Jumanne na kurudi kwetu siku hiyohiyo; mjomba hakujua kusoma, yeye ndiye angemsomea. Nilijua maneno ya kumchoma. Niliandika kwamba wananitoa sekondari na kunipeleka kufuma masweta, na wewe Mjomba hukuulizwa. Niliandika kwamba Ijumaa baba anatia sahihi. Niliisoma ile barua mara tatu na kuipenda sana. Nilijiona mjanja. Mwenzangu nilimsomea, naye akauliza swali moja, "Na umemwambia unataka nini?" Nikamjibu kwamba huyo ni mjomba wangu, ataelewa.

Ijumaa mjomba alifika juu ya lori lililobeba magunia, amevaa koti lake la kanisani, ananuka moshi wa samaki. Alipita uwanjani bila kuuliza njia. Ofisini tulikuwa mwalimu mkuu nyuma ya meza, baba na nyuzi za pamba kwenye nywele, mlezi wetu amesimama mlangoni, na mimi kwenye benchi. Karatasi ilikuwa mezani tayari, kalamu juu yake.

"Mwalimu," mjomba alianza kabla hajakaa, "hii mtoto ni ya kwetu. Huyu shemeji namuheshimu, lakini hapa hawezi kuweka sahihi. Kwetu mjomba ndo anaulizwaga."

"Mzee, fomu inasema mzazi."

"Hiyo fomu imeandikwa na nani? Na Mkwaya?"

Baba alisimama. Sijawahi kumwona amesimama hivyo. "Shemeji, huyu mimi ndo nimemsomesha. Wakati anaumwa, nani alimpeleka hospitali Musoma, mgongoni? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ziwani nawatafutia samaki mliyokula!"

Mwalimu mkuu aliinua mikono yote miwili, akaishusha, akaiinua tena. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa kama mtoto mwenye adabu, lakini moyoni nilikuwa nasherehekea. Kila sauti ilipopanda niliona ile karatasi inazidi kuwa mbali na kalamu. Nilijisifu kwa barua yangu.

Ndipo mjomba alipopiga meza kwa kiganja. "Imetosha. Kufuma haendi." Nikainua kichwa. "Na hiyo sekondari pia haendi. Namchukua leo. Bibi yake yupo, atakaa naye, atakuwa anaanikaga dagaa kwenye kivuli. Mtoto na mguu kama hii, mnamsumbua ya nini?"

Baba akakaa taratibu. Akasema kwa kweli bibi yangu ananipenda. Mwalimu mkuu akavaa miwani akasema kwa upande mwingine hata nyumbani si vibaya. Watu watatu waliokuwa tayari kushikana mashati sasa walikuwa wanatikisa vichwa pamoja. Walikuwa wamepatana juu yangu.

Hakuna wa kumlaumu. Mimi ndiye niliyempandisha mtu yule kwenye lori. Nilikuwa nimemwandikia kila kitu cha kumkasirisha na sikumwandikia hata sentensi moja ya ninachokitaka. Nilikuwa nimekimbia kusemewa na mwalimu mkuu, nikakimbilia kusemewa na mjomba, na kazi yote hiyo niliiita ujasiri.

Nikasimama. Kwangu kusimama si jambo la siri. Unapanga magongo, unajisukuma, halafu kile chuma cha goti kinajifunga kwa sauti. Kikajifunga. Wote wakanitazama, na mlezi wetu mlangoni hakusogea kunishika. Mpaka leo namshukuru kwa kutosogea.

"Mjomba, nataka kwenda sekondari."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna." Kumjibu mjomba mbele ya watu si jambo dogo kwetu; ningeweza kulaaniwa. "Hakuna aliyeniuliza, Mjomba. Ndo maana nasema mwenyewe."

Baba aliniita kwa jina langu la utotoni, kunionya. Mwalimu mkuu akaingilia kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko ukali wa mjomba. "Binti, tulishaongea. Maji je? Atakuchotea nani?"

"Sitachota, Mwalimu. Nitafua. Atakayenichotea nitamfulia. Hata hapa ndo tunaishiga hivyo."

Mwalimu mkuu akageuka kumtazama mlezi. Miaka yote ile alikuwa anaona ndoo zimejaa na sare zimefuliwa, na nadhani aliamini zinajifanya zenyewe, au kwamba mlezi anatufanyia.

"Ni kweli," mlezi akasema. "Nusu ya mashuka ya bweni ni mkono wa huyu. Mablanketi ndo usiseme."

"Na hapa nani alikuwa anakuchoteaga?" mjomba akauliza, bado mkali, lakini sasa alikuwa anauliza.

"Mwenzangu. Yule asiyeona."

"Asiyeona anachota maji?"

Dirishani, ambako sikujua kama kuna mtu, ikasikika sauti ya mwenzangu wa Musoma mjini. "Ndoo naiona, mzee! Kubwa yote ile, niikoseje?"

Mlezi alikuwa wa kwanza kucheka, na akicheka huyu mama hata kuta zinasikia. Baba akajifunika uso kwa kofia. Mwalimu mkuu alijaribu kukohoa, ikashindikana. Mjomba peke yake hakucheka. Alinitazama mikono, ilivyoshika magongo, kwa muda mrefu, kama vile hajawahi kuiona.

"Kwenye mtumbwi wangu kuna mmoja hapigagi kasia," alisema mwishowe, kwa sauti ya kugombeza, kama vile kosa ni letu. "Mgongo wake ni mbovu. Yeye anakumbaga maji tu, anayamwaga nje. Na mgawo anapata sawa. Mtu akileta maneno namshusha." Halafu akafanya kitu ambacho sikutarajia kukiona maishani: akamgeukia baba. "Shemeji, unasemaje?"

Baba akaondoa kofia usoni. "Aende," akasema. "Akishindwa atarudi mwenyewe."

Mwalimu mkuu akaichukua ile barua ya kuacha nafasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, maana karatasi zilikuwa adimu na upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Akafungua droo, akatoa fomu ya kujiunga na shule. Hapo wale wawili wakaanza upya kugombana nani atie sahihi. Mwalimu mkuu alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akasema watie wote wawili. Mpaka leo ile fomu, kama ipo, ina sahihi ya baba na juu yake dole gumba la mjomba, kubwa, limefunika nusu ya jina langu.

Nilikaa nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu kitu kilichokuwa kimenikaba siku tano kilikuwa kimeachia, na sikujua kingine cha kufanya na pumzi zote zile.

Nje, akisubiri lori, mjomba alinigombeza kama inavyostahili. Alisema nimemvunjia heshima mbele ya Mkurya. Alisema barua yangu ilimleta Bunda kama mtu anayekwenda vitani, kumbe vita yenyewe haijui. "Siku nyingine ukiniita," alisema, "niambie kwanza unataka nini." Nilimwomba radhi, na radhi ile niliimaanisha. Sijawahi kumwandikia barua ya namna ile tena, yeye wala mtu mwingine.

Mwenzangu alikuja kuchukuliwa na baba yake wiki iliyofuata. Nilimwonea huruma, nikamwambia nitamwombea arudie darasa. Alinikaripia. "Nani amekwambia nataka kurudia? Ubao siuoni, nimechoka kusomewa. Mimi nataka dukani." Nilikuwa nimetoka tu kulia kwamba hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe sikumuuliza. Miaka ya ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa na marobota ya mitumba yakajaa Musoma, yeye ndiye aliyekuwa anachagua nguo za duka lao kwa kuzigusa tu. Alijua pamba, alijua nailoni, alijua shati lililokaribia kuchanika, na baba yake hakununua robota bila vidole vyake. Kuhusu kile kituo cha kufuma, nilisikia wasichana walikaa miezi na mashine bila nyuzi, na nyuzi zilipopatikana mjini kulikuwa kumejaa sweta za mitumba. Sikufurahi kusikia hivyo. Baadhi yao nilikuwa nimelala nao bweni moja.

Lakini siku naingia sekondari hayo yote hayakuwa yametokea, na mimi sikuwa na mwenzangu. Kulipokucha siku ya kwanza, Jumamosi isiyo na masomo, wasichana walichukua ndoo wakateremka kwenye mawe kwenda bombani, wanapiga domo kwa lugha zote za Mara. Nikakaa nje ya bweni na beseni langu na kipande cha sabuni. Niliwaambia waliopita, "Anayetaka kufuliwa anichotee maji." Walinitazama wakaendelea. Hawakuwa wabaya, biashara hiyo hawakuijua tu. Mmoja aliinama akasema kwa huruma, "Kaa tu dada, nitakuletea." Nikamwambia sitaki ya bure. Alikasirika akaondoka, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Ikafika saa nne. Sikuwa nimenawa uso. Beseni lilikuwa kavu, jua limepanda juu ya mawe, na swali la mwalimu mkuu lilikuwa limekaa karibu nami kwenye jiwe lile. Atakuchotea nani? Nilianza kufikiri jinsi ya kumwandikia baba.

Kisha kivuli kikanifunika. Alikuwa msichana wa Kikurya, mkubwa, wa kidato cha pili, na ndoo kichwani na nyingine mkononi, na kwapani amebana furushi la nguo ambalo nilisikia harufu yake kabla sijaliona.

"Wewe ndo wa kufua?"

"Ndiyo."

"Mimi ni mchafu, nakwambia kabisa. Nachezaga mpira."

"Lete."

Akatua ndoo zote mbili bila kumwaga hata tone. Akaanza kunieleza soksi zifuliweje, nikamwambia soksi sifundishwi. Akanijibu vibaya, nami nikamjibu vibaya, na nikajua tutapatana. Nilifua mpaka vidole vikakunjamana. Alikagua kola moja moja, akarudisha shati moja nilirudie, nikalirudia. Jioni akaniletea ndoo yangu, akaiweka mlangoni mwa bafu, akaenda zake uwanjani. Nikafunga mlango, nikakaa chini, nikaoga ndoo nzima polepole mpaka tone la mwisho, bila kumwambia mtu ahsante.